Zuka ya Sista Ernesta

Hapa Gitting ukiulizia nyumba ya Mama Onesphory, nawe utaulizwa kwanza: yule wa toteli? Jina lake ni Paskalina. Ana miaka sitini na mbili, analima ngano na maharage kama majirani zake, ana ng'ombe watatu na ulimi mkali. Lakini kilichompa sifa ni jiko. Kwa miaka kumi na tisa aliwapikia masista wa Kiitaliano waliokuwa hapa, mpaka wa mwisho wao, Sista Ernesta, aliporudishwa kwao akiwa mzee wa kushikwa mkono. Sista alimwachia daftari la mapishi, pamoja na mche wa majani yenye harufu kali ambayo kijiji kizima kinayaita majani ya sista. Tangu hapo hajawahi kuacha mkesha wa Krismasi upite bila toteli.

Mimi ni mpangaji wake. Naitwa Mectilda, mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Bukoba, ambako sikukuu bila ndizi haiitwi sikukuu. Mwaka wa kwanza aliponiwekea sahani ya toteli, vile vifuko vya unga vilivyojazwa boga, vikielea kwenye siagi, nilimwambia kwa adabu zote kwamba kwetu boga ni chakula cha njaa. Alisimama pale pale mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama njaa imeisha. Nikaomba sahani ya pili. Tangu siku hiyo mimi ndiye msaidizi wake wa mkesha. Nasaga biskuti za kuchanganya na boga, nasukuma unga kwa mti wa chapati mpaka mabega yanawaka moto, naye anakata, anajaza na kukunja.

Kuna jambo moja la kumjua huyu mama kabla sijaendelea. Siku ya mkesha hali kitu mpaka atoke misa. Sista Ernesta alimfundisha kwamba siku hiyo nyama hailiwi, basi yeye akaongeza yake: hata kuonja haonji. Chumvi anaipima kwa kiganja, sukari kwa vidole. Nilishamwambia mpishi asiyeonja anabahatisha. Akacheka. "Mkono unajua, mwalimu."

Na kweli mkono ulijua, mpaka mwaka jana.

Mwaka jana mvua zilikuja vibaya. Tangu yale maporomoko ya matope ya Desemba 2023, mvua ikinyesha siku mbili mfululizo kila mtu hapa anaangalia mlima Hanang kabla ya kuangalia shamba, na sisi tuliuangalia wiki nzima. Mlima ulitulia. Maboga yakaozea chini. Asubuhi ya mkesha Mama Onesphory alizunguka bustani yote na kurudi na boga moja lililokuwa maji matupu. Alilitupa kwa hasira, akakaa kwenye kigoda, akafungua daftari la sista.

"Soma hapa, mwalimu."

Nikasoma. Neno liliandikwa kwa mwandiko wa sista mwenyewe: zucca. Yeye hulitamka zuka, na sisi wote jikoni tunaita hivyo hivyo, zuka, ingawa mara ya kwanza nilidhani kuna kitu kimezuka mahali.

"Sista alipolishika boga alisema zuka," akaniambia. "Siku nyingine akaona kibuyu cha maziwa pale ukutani, akacheka, akasema nacho ni zuka. Kwao ni jina moja. Kwa hiyo ni kitu kimoja."

Nyuma ya zizi kulikuwa na mmea wa vibuyu uliopanda hadi juu ya paa. Mbegu alipewa na jirani yetu, mzee Gidabuday, ambaye ni Mmang'ati na vibuyu vyake vya maziwa vinasifiwa hadi Katesh. Mama alichuma viwili vichanga, kucha ikizama kwenye ganda. Vilipokatwa, ndani vilikuwa vyeupe, si vya njano kama boga. Mimi niliuona ule weupe. Nilikumbuka kwamba kuna sehemu watu hula mamumunye, ambayo ni jamii ya vibuyu, na hayawadhuru, nikaendelea kusaga biskuti. Mpaka leo nikikumbuka natamani ningekuwa na tabia ya kuuliza, hasa mimi ambaye kazi yangu ni kuwafundisha watoto kuuliza.

Alivichemsha, akaviponda na jibini ya nyumbani, maziwa yaliyokatwa kwa limao na kuning'inizwa kwenye kitambaa, akatia biskuti, kungumanga na sukari. Harufu ilikuwa ile ile ya kila mwaka.

Pale nyumbani alikuwepo pia Fabiola, mke wa mwanawe Onesphory, mwenye mimba ya miezi saba. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Baada ya ile ya pili kuna mwanamke mnadani alisema kwa sauti ya kusikika kwamba katika nyumba ile kuna mkono wa mtu. Hakutaja jina, lakini mama mkwe alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka hapo. Mama Onesphory alirudi nyumbani bila chumvi aliyokuwa ameifuata na hakula siku hiyo. Tangu mimba hii ilipoonekana, alikuwa anamchotea Fabiola maji, anamkatia majani ya ng'ombe, anamkataza hata kuinama. Nilimwona mara nyingi akimtazama yule binti tumboni kwa woga, kama mtu aliyebebeshwa mayai ya watu.

Mwenye mimba hafungi. Kwa hiyo saa saba mchana toteli za kwanza zilipotoka kwenye maji, sahani ilikuwa ya Fabiola. Mama alimwekea kumi na mbili, siagi juu, na majani ya sista yaliyokaangwa.

"Kula, binti yangu. Hizo ni za watu wawili."

Fabiola alikula polepole. Katikati alisimama kidogo, akanywa maji, akaendelea. Alimaliza zote. Akasema, "Asante, mama," akapeleka sahani mwenyewe.

Saa nane na nusu alianza kutapika.

Mwanzoni tulijiambia ni mimba. Kisha tumbo likamkata akajikunja mlangoni, akaanza kuharisha, akatapika tena mpaka kikawa hakitoki kitu ila povu la kijani. Midomo yake ilipauka. Nilimshika mkono, ulikuwa baridi na umelowa jasho. Niliogopa, na sisemi hivyo kwa kupamba.

"Amekula nini kingine leo?" niliuliza.

Mama Onesphory aliinuka. Aliingia jikoni, nikamfuata. Alichukua toteli moja iliyobaki, akaitazama, kisha akavunja mfungo wake wa miaka yote kwa kuitia mdomoni. Alitafuna mara mbili. Uso wake ukabadilika, akaitema kiganjani.

"Nyongo," akasema. "Mwalimu, hii ni nyongo."

Nilionja kwa ncha ya ulimi. Uchungu ule ulinikaa kooni hadi jioni.

Onesphory alikuwa Katesh na pikipiki yake kununua mahitaji ya sikukuu, simu haipatikani. Njia ya zahanati ilikuwa tope tupu. Nilikimbia kwa mzee Gidabuday, nikamwamkia huku nahema, naye hakuuliza mengi. Alifunga punda wawili kwenye mkokoteni na kutandika turubai. Njiani ndipo aliponiuliza binti amekula nini, nikamwambia.

"Ile ya kwangu?" alisimama katikati ya tope. "Ile ya maziwa? Ile hata mbuzi hali, mwalimu! Ile tunalowesha siku nyingi uchungu utoke, ndiyo tunaweka maziwa."

"Ni sumu, mzee?"

"Mimi sijui. Sijaona mtu amekula."

Jibu hilo lilinitisha kuliko kama angesema ndiyo. Mama Onesphory alikuwa mkokotenini, kichwa cha Fabiola mapajani, midomo inamcheza kwa rozari bila sauti. Alikuwa amesikia kila neno.

Zahanati ilikuwa na mganga mmoja wa zamu, kijana wa Singida aitwaye Gerald ambaye wote tunamwita daktari. Nje ya mlango, chini ya paa, walikuwa wameketi wanawake wanne waliokimbia mvua. Mmoja wao alikuwa yule wa mnadani.

"Shikamoo mama," Gerald alisema huku anamlaza Fabiola kitandani. "Imeanza saa ngapi? Homa anayo? Nyumbani maji mnachemsha?" Alishagusa paji la uso, alishaangalia macho. "Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa taifodi. Amekula nini?"

Nilimtazama Mama Onesphory. Dirisha lilikuwa wazi, na wale wanne nje walikuwa wameacha kuongea. Najua alichokuwa anakiona, kwa sababu na mimi nilikiona: kesho misa ya Krismasi, kanisa zima, na neno moja likipita benchi hadi benchi. Mama mkwe kampa sumu. Na kama mtoto angekufa, neno hilo lingemfuata hadi kaburini. Nilifungua mdomo niseme mimi, nimwokoe, niseme labda ni maziwa yaliyolala.

Akanizuia kwa mkono.

"Amekula kibuyu," alisema, na sauti yake ilifika nje. "Kibuyu kichanga, kichungu. Mimi ndiye nilichuma, mimi nimepika, mimi nimemwekea sahani. Sikuonja. Daktari, usimtibu malaria. Nimemlisha kibuyu."



Gerald hakumgombeza. Aliweka dripu mkono mmoja, baadaye na wa pili, akapiga simu kwa mkubwa wake wa hospitali akiwa kwenye kona peke yake. Sikupenda jinsi alivyokuwa anaitikia kwa kifupi: ndiyo, ndiyo, bado. Kisha akachukua kile kifaa cha mbao cha kusikilizia mtoto, kama tarumbeta ndogo, akakiweka kwenye tumbo la Fabiola na kuinamisha sikio.

Alisikiliza. Akahamisha. Akasikiliza tena. Akahamisha upande wa kushoto. Mvua ilizidi juu ya bati, naye akanyoosha kidole kutuambia tunyamaze ingawa hakuna aliyekuwa anaongea. Mama Onesphory alikuwa amepiga magoti sakafuni, ameshika mguu wa kitanda. Nilihesabu pumzi zangu nikapoteza hesabu. Nilimchukia Sista Ernesta, nikamchukia mzee Gidabuday na mbegu zake, nikajichukia mimi na biskuti zangu.

"Yupo," Gerald alisema. "Anakimbia kidogo, lakini yupo."

Alimwita Mama Onesphory, akamshikia kile kifaa sikioni. Yule mama alisikiliza mpaka machozi yakamwishia kidevuni, na hakutaka kuondoka.

Jua lilipokaribia kuzama Fabiola alikuwa amekunywa maji na hayakurudi. Gerald alikuja na daftari lake.

"Dada, chakula ulikisikia kichungu?"

Fabiola alimtazama mama mkwe wake, akaangalia ukuta. Alikuwa amelala pale na sindano mikono miwili, na bado alikuwa na adabu.

"Kilikuwa kizuri," alisema.

"Fabiola," mama akamwambia. "Sema, mwanangu."

"Kilikuwa kichungu, mama." Akaanza kulia. "Tangu ya kwanza. Nilidhani ndivyo wazungu wanavyokula. Nikasema nikiacha, mama ataona namdharau. Watu wameshasema maneno mengi, nikasema wataona hata chakula chake nakikataa."

Kwa hiyo alikula zote kumi na mbili kwa ajili ya kumlinda. Mama Onesphory alikaa kando ya kitanda. Alichukua kona ya kitenge chake akamfuta binti uso, kisha akajifuta yeye kwa kona hiyo hiyo. Krismasi hiyo hatukwenda misa. Tulishinda zahanati tukinywa chai ya rangi, na yule mwanamke wa mnadani alituletea maandazi. Aliyaweka mlangoni akaondoka. Mama aliyaonja kwanza yeye, ndipo akampa Fabiola.

Mtoto alizaliwa Februari, wa kike, anapiga kelele usiku na mchana. Ule mmea wa nyuma ya zizi mama aliung'oa kwa mikono, mizizi na yote.

Mwaka huu maboga yalikuwa mengi. Asubuhi ya mkesha nilikuta daftari la sista limefunguliwa pale pale, na pembeni ya neno zucca mama ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi kubwa: BOGA TU. Nilisaga biskuti, nikasukuma unga. Alipomaliza kuchanganya hakukunja hata moja. Alichota kijiko kimoja, akaonja, ingawa ulikuwa mkesha. Kisha akachota kingine, akakipeleka kwa Fabiola aliyekuwa ameketi kwenye kigoda ananyonyesha, akasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Sema," akamwambia. "Bila huruma."

Fabiola aliweka kijiko mdomoni. Niliona mikono ya Mama Onesphory, ile inayojua, imeshikana kifuani.

"Mama," Fabiola akasema, "chumvi imezidi."

Yule mama, ambaye kwa miaka yote hakuna aliyewahi kumkosoa jikoni akabaki salama, alikaa chini sakafuni, akafunika uso kwa mikono yenye unga, akasema asante.