Siku Tatu za Nyongeza

Kila nikiingia zamu nahesabu makabati ya vioo: arobaini na moja. Halafu nayahesabu tena. Khamis, mlinzi mwenzangu kutoka Unguja, amechoka kunitazama.

"Dada Nekesa, vitu vina miaka mia tano. Leo ndiyo vitatoroka?"

"Hata kwao vilikuwa na wenyewe, sheikh, na vilienda. Niache nihesabu."

Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Doha, kwenye jumba la makumbusho: kusimama, kuhesabu, kukataza watu kugusa. Mwezi ule ukumbi wetu ulikuwa na maonyesho ya Wahispania waliovuka bahari kwenda kutwaa nchi za Amerika. Kofia za chuma, shanga, njuga ndogo walizobadilisha kwa dhahabu. Mimi niliuza mitumba sokoni miaka tisa. Nikiona njuga kwa dhahabu, siulizi nani alipunjwa. Kabati la ishirini na saba lilikuwa na karatasi tu, na kwa wiki mbili sikujisumbua nalo. Nani ataiba karatasi?

Siku moja wageni hawakuwapo, nikasoma maelezo yake. Kumbe kabla ya kuvamia kijiji, askari wale walitakiwa kuwasomea wenyeji tangazo: nchi hii imeshapewa mfalme wetu, mkikubali, vizuri, mkikataa tutawapiga, tutawafanya watumwa, na vifo vyote vitakuwa kosa lenu wenyewe. Walilisoma kwa lugha yao, pengine kwa mbali, pengine mbele ya vibanda vitupu. Karani akaandika kwamba limesomwa. Kisha wakaanza.

Nikakaa chini. Mlinzi haruhusiwi kukaa.

Kwetu nyumbani, tangazo kama hilo lilisomwa siku ya soko. Ilikuwa Jumanne kama Jumanne zote, pale senta, kwenye maduka chini ya mlima, nami nabishana na mama mmoja juu ya gumboti. Yeye anasema ina tundu, mimi namwambia tundu ni la hewa. Vita vya mashamba vilikuwa vimekula upande wa juu wa mlima mwaka mzima, lakini kwetu vilikuwa bado habari za redio. Ndipo wakatokea msituni vijana wenye bunduki. Kumi na wawili; nilihesabu mara mbili. Mkubwa wao akapanda juu ya meza yangu na matope yake, akasoma karatasi: ardhi hii ina wenyewe, na ambaye jina lake halimo kwenye orodha ahame ndani ya siku saba. Asiyehama asimlaumu mtu.

Soko zima likainamisha vichwa. Lakini mdomo wangu haujawahi kukubali bei ya kwanza.

"Saba ni kidogo, mkubwa. Mahindi hayajakauka. Tupe kumi na nne."

Akatupia jicho gumboti zangu. "Nane."

"Kumi na mbili, na hizo gumboti unazoziangalia ni zako."

Akacheka. Tukaishia kumi. Akaandika kumi kwenye karatasi yake, akavaa gumboti, wakaondoka. Njia nzima ya kwenda nyumbani watu walikuwa wakinishika mkono. Nilitembea kama mtu aliyeuza duka lote.

Nyumbani tulikuwa sita: mama, kaka yangu Wafula, mkewe, watoto wao wawili, na mimi. Jioni ya siku ya nne nikamkuta Wafula amefunga magodoro kwa kamba.

"Twende, Nekesa. Wale si wateja."

"Zimebaki sita! Mahindi unamwachia nani? Siku hizi nimezitafuta kwa mdomo wangu."

Akageuka akalitazama shamba. Kisha akafungua kamba.

Siku ya tano tulivuna.

Siku ya sita, asubuhi, tulikuwa uani tunapukuchua.

Risasi zikalia kwa jirani.

Nikawasukuma wote ndani ya mahindi. Wafula hakuja.

Alikwenda kuwapokea wale vijana langoni, mikono yote miwili juu, vidole vimetanuliwa. "Kumi!" alipaza sauti. "Mlisema kumi!"

Sikugeuka. Nilisikia.

Mtoni nikahesabu. Watano. Nikahesabu tena.

Sasa ni miaka kumi na sita. Naliaka, binti wa Wafula, alikuwa na miaka mitano wakati ule. Leo anataka kurudi kulima shamba la baba yake. Kila mara huniuliza kwa simu: "Shangazi, mbona hatukuondoka mapema?" Kila mara nilimjibu kwamba hatukupewa onyo. Wiki ile alikuwa ameuliza tena.

Khamis akanikuta sakafuni. "Unaumwa?"

Nikamwambia yote, mtu wa kwanza kumwambia. Akayasoma yale maelezo ya kabatini polepole.

"Dada, pale hapakuwa na bei," akasema. "Watu walikuwa wananawa mikono tu. Hata ungepata siku mia."

"Najua, sheikh. Lakini magodoro yalikuwa yameshafungwa."

Akanipa mkono, nikainuka.

Ijumaa, siku ya mapumziko huku, nikitoka kanisani Mesaimeer, nilirekodi ujumbe wa sauti ndani ya basi. Nilimweleza Naliaka kila kitu: gumboti, siku kumi, kamba. Nikausikiliza mara mbili, nikautuma.

Jibu lilifika kabla basi halijafika kituo cha Al Rayyan. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shangazi, ningependa tungeondoka. Hilo siwezi kukuficha. Lakini siku ile ya kuvuna, baba alinibeba mabegani shamba zima. Akanichomea hindi, akanigombeza kwa kudai la pili kabla la kwanza halijaisha. Sina siku nyingine ya baba kichwani. Ni hiyo tu."

Niliomba saba zaidi, nikapewa tatu, tukaishi moja tu, ile ya kuvuna. Na hiyo moja Wafula aliilipia. Nimeihesabu mara mbili, na bado haitoshi.

Ujumbe wa Naliaka uliishia hapo. Nami, kwa mara ya kwanza maishani, sikuomba nyongeza.