Mjusi wa Nyuma ya Gari

Jumamosi sokoni Nunguni, mama mmoja tunayeimba naye kanisani aliona kibandiko cha mjusi nyuma ya gari ambalo mume wangu alilinunua juzi. Akaninong'oneza, "Mama, hiyo ni alama ya watu wa nyoka. Hao hutoa watoto kafara." Nikamtoa mtoto wangu kwenye kiti cha gari mbio, nikamwambia mume wangu siingii tena mpaka aseme ukweli.

Akaangalia kando, kisha akambandua mjusi kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na msalaba mweusi. "Lilikuwa gari la kubeba maiti," akasema. "Lakini mama yangu asijue, hatapanda tena."

Nikashusha pumzi, nikapanda. Angalau maiti hawatafuti watoto. Na isipokuwa nyinyi wasomaji, nimemwahidi sitamwambia mtu mwingine.