Mgongo wa Mkwe

Mama yangu anatibu ngozi za nusu ya majirani zake kule Seme. Mtoto akitokwa na vipele vya joto, anaogeshwa maji ya mwarobaini. Mtu akiungua na uji, anapakwa ogaka, yaani shubiri, na jani lazima kwanza liachwe lidondoshe yale maji ya manjano yanayowasha. Ila Mama hachumi kitu kabla hajaangalia ngozi yenyewe na kuigusa.

Basi tulienda kwake kumsaidia kuvuna mahindi, mume wangu akatokwa na malengelenge mgongoni. Hapo tukakwama. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Miaka yote ya ndoa yangu hao wawili wamesalimiana kwa mbali, bila kupeana mikono, kila mmoja akitazama chini. Sasa amwonyeshe mgongo wazi? Nilipotaja hospitali akakataa, eti ni kumdharau Mama mwenye dawa. Sijaona mtu mkaidi kama mume wangu akishikwa na adabu.

Tukatibu kupitia ukuta. Yeye alikaa nyuma ya jikoni bila shati, Mama akiwa ndani, mimi nikipaza sauti kama muuza mitumba.

"Iko na duara?" Mama akauliza.

"Hapana, Mama. Iko na maji maji ndani."

"Inawasha?"

"Anasema inachoma."

"Weka ogaka."

Niliweka. Kesho yake nikaweka tena. Malengelenge yakazidi kutambaa ubavuni, upande mmoja tu, yakielekea kifuani, na homa ikapanda. Asubuhi iliyofuata hakuweza hata kuvaa shati. Nilimwona ameuma kitambaa ili asilie, hofu ikanishika, na hasira pia.

"Mama, mimi si macho yako!" nikapiga kelele. "Toka uone mwenyewe!"

Mlango ukafunguka. Alikuwa amejitanda leso mpaka kwenye nyusi, sijui akimficha nani uso wake. Mume wangu akanyanyuka akimbie, Mama akamshika bega.

"Kaa. Geuka."

Aliinama akaangalia kwa muda, kidole chake kikifuata ule mstari kutoka uti wa mgongo hadi ubavuni bila kuugusa.

"Hii ni mkanda wa jeshi," akasema. "Majani yangu haiwezi hii. Inuka twende hospitali ya Kombewa."

Hospitalini alikaa naye benchi moja, akimpepea kwa ncha ya leso, na watu wa kwetu waliokuwepo wakawakodolea macho. Nilimpenda mama yangu siku hiyo kuliko siku zote. Nesi akaja akauliza mgonjwa ni nani wetu. Kabla sijafungua mdomo, Mama akasimama.

"Huyu ni mtoto yangu," akasema. "Muangalie haraka."

Mume wangu, ambaye maumivu yote yale hayakumtoa chozi, akajifunika uso akalia.