Kitawi Kutoka Nchi ya Theluji

Jana, kwa fundi seremala huku Temeke, randa ilipita juu ya ubao wa msonobari, na harufu ya utomvu ikanishika hata nikasahau nilichofuata.

Nikakumbuka utotoni, siku Mama aliporudi kutoka nchi za kaskazini, alikokwenda kusomea misitu. Aliniacha mdogo mno, kwa hiyo nilimwona mgeni, nikajificha nyuma ya bibi na kung'ang'ania khanga yake. Mama hakunilazimisha. Alikaa mkekani, akafungua kopo, akatoa kitawi cha msonobari chenye majani membamba kama sindano.

“Nusa,” akasema. “Huko theluji inaanguka miezi na miezi, lakini mti huu haupukutishi majani. Theluji ikizidi, matawi yanainama, inateleza chini.”

Nilinyoosha shingo, nikanusa. Ilikuwa harufu kali na tamu, kama ndimu iliyobabuliwa na moto.

“Hausikii baridi?”

“Unasikia. Unavumilia tu.”

“Na wewe je?”

Akakigeuza kitawi vidoleni. “Mie nilisikia sana, mwanangu. Nikiwa peke yangu msituni, nilikuwa nalitaja jina lako kwa sauti.”

Nikaiachia khanga ya bibi, nikaenda kumkalia mapajani.

“Mama,” nikamwambia, “litaje na hapa.”