Mashine inasoma 37.5, mayai ya mama mkwe yamepoa

Wakuu, salaam. Hii imenikuta mwenyewe hapa Tukuyu, chumvi sijaongeza hata chembe.

Mama mkwe wangu yuko Lufingo. Kideri kilipita kikafagia kuku wake wote wa kishingo, mbegu aliyoachiwa na marehemu mama yake. Yakabaki mayai tu.

Akaniletea kwenye kikapu. "Mkwe, hiyo mashine yako ya kutotolea ndiyo tumaini langu."

Yakaenda vizuri mpaka sensa ya joto ikafa.

Mbio kwa fundi wangu pale Bagamoyo. (Bagamoyo ya Tukuyu jamani, siyo ya Pwani.) Sensa inatakiwa iwe ya 10k, yaani ukinzani wa ohm elfu kumi. Jamaa ana kopo la sensa za kung'oa kwenye vifaa vibovu, hazina maandishi. Asubuhi ile ukungu mzito, baridi inakata masikio. Akazipima kwa mita, akapata inayosoma 10k.

"Hii hapa kaka, kafunge."

Nikafunga. Kioo kikapanda mpaka 37.5, taa za joto zikazimika. Nikashukuru Mungu.

Mchana wife akafungua aongeze maji. "Mume wangu, mbona mayai ya baridi?"

Nikamwambia aache utani, kioo si hicho hapo! Akanibandika yai shavuni. Wakuu, la baridi kweli.

Nikampigia fundi. Akashtuka: "Aisee! Nilipima kwenye baridi."

Iko hivi. Resista za kawaida, zile za kwenye redio, baridi yetu haizisumbui sana. Sensa hii ni tofauti: ikipoa namba inapanda, ikipata joto inashuka. Ile 10k ni ya nyuzi 25. Kwa ukungu wa Tukuyu hata sensa ya 5k inasoma 10k! Mashine ikaona namba ndogo, ikadhani imeshachemka, ikazima taa mapema. Fundi wa Dar hawezi kukosea hivi hata akitaka.

Tukayafunga mayai kwenye blanketi na chupa za maji ya moto. Fundi akaja na kopo lake, akatia sensa kwenye nailoni, akazizamisha kwenye maji ya vuguvugu yenye kipimajoto, akapima humo kwenye nyuzi 25, akafunga inayosoma 10k. Mama mkwe anapiga simu, sipokei. Nilimwogopa kuliko polisi.

Siku ya kutotoa, kimya. Kesho yake yai moja likapasuka, halafu jingine. Mengine yote viza.

Nikampelekea vifaranga mwenyewe, nikamweleza yote. Hakufoka, na hilo ndilo lililoniuma. Akavipapasa shingo zisizo na manyoya. "Ndaga, asante mkwe. Ndiyo hawa hawa."

Somo: sensa ikipimwa, uliza imepimwa kwenye joto gani. Na weka kipimajoto cha pembeni, usiamini kioo peke yake.

Vifaranga wamekua sasa, wanawika. Wote wawili majogoo.

Kama kuna mdau wa Mpuguso au popote Rungwe mwenye tetea wa kishingo, tafadhali aseme hapa chini. Mama mkwe ananiuliza kila Jumapili tukitoka kanisani kama tetea amepatikana.