Neno la Kumi

Juzi mlinzi wa sinagogi alipekua mkoba wangu mpaka kitana, ndugu yangu, nami nikabaki kuutazama mlango wa chuma. Nilipokuwa mtoto, mlango wa pale uliachwa wazi, umezuiwa kwa tofali ili upepo uingie. Rabi wa pale amefariki, na nilikuwa nimekwenda kwenye sala ya kumwombolezea.

Mama yangu alikuwa akisafisha pale. Likizo za shule tulipanda treni alfajiri kutoka Villawood, mtaa wetu wa pembezoni mwa jiji, nikakaa jikoni nikinusa dawa ya sakafu na mkate wa mayai wa Ijumaa. Rabi alikunywa chai ya ndimu kwenye glasi, bila maziwa, na mama hakuacha kumsikitikia.

Sala ya wafiwa ilihitaji wanaume kumi, lakini watu hawakuhesabiwa kwa namba, ni mwiko. Rabi alisoma aya yenye maneno kumi, kila mtu neno lake. Mama alicheka sana alipoona hivyo, maana hata nyanya kule nyumbani hakukubali watoto wake wahesabiwe.

Asubuhi moja jirani wa sinagogi, mjane, alikuja kumwombea mumewe. Wanaume walikuwa tisa. Rabi akafika neno la tisa, akamruka yule mjane kwa macho, akasema, "Tungoje." Tulingoja hadi chai ikapoa. Mjane akafunga skafu yake akaenda zake. Siku ile nilimchukia rabi, sifichi.

Mama naye hakunyamaza. Rabi alimweleza kwamba dunia imechafuka, na watu wake wakilegeza desturi hawatabaki na kitu. Mama akakamua tambara. "Sawa, Rabi. Lakini huyo mama analia peke yake."

Baadaye ukuta ukapakwa matusi, simu za vitisho zikaanza, tofali likaondolewa mlangoni. Wanaume wengi wakajikalia nyumbani kwa hofu, lakini mjane akawa hakosi kuja, akiketi nyuma kabisa. Siku moja rabi alihesabu wanaume tisa, kisha neno la kumi akampa yeye. Wanaume wawili wakainuka wakatoka. Kumi ikavunjika, sala haikusomwa.

Nilimkuta rabi jikoni akilia. "Nimechelewa," alimwambia mama. "Nilidhani kuogopa ndiko kuamini." Kesho yake akamhesabu mjane tena.

Juzi basi, wanaume walikuwa wanane tu, na binti wa rabi, na mjane kwenye kiti cha magurudumu. Aliyesimama kuhesabu alikuwa mmoja wa wale wawili waliotoka, sasa mvi tupu. La tisa akampa binti. Kisha akamgeukia mjane, akalitamka la kumi.

Mlango ule wazi haupo tena, na hilo linaniuma. Mama magoti hayamruhusu kupanda treni, kwa hiyo nilimpigia simu nikiwa kituoni.

"Rabi wamemsomea?" akauliza.

"Wamemsomea, mama. Mjane alikuwepo."