Maji Baridi Chini ya Mchanga

Mtaani walimwita Mama Chupa, kwa sababu hakuonekana bila kikapu cha chupa za sampuli. Kazi yake maabarani ilikuwa kupima maji, na safari hii msiba ulikuwa wa nyumbani: samaki wa kaka yake walikufa vizimbani, pale mto unapoingia baharini, wakaelea matumbo juu katika maji ya kijani kibichi.

"Ni kile kiwanda cha sukari," kaka alisema, mishipa ya shingo imemtoka. "Wewe niletee ushahidi. Mengine niachie mimi."

Naye alitamani kiwe kiwanda. Nani asingetamani? Kiwanda kina geti. Unasimama pale unapiga kelele mpaka mkubwa atoke.

Akapima maji ya mto juu ya kiwanda, akapima chini yake. Karatasi ya kupimia, ambayo hugeuka waridi maji yakiwa na mbolea nyingi ya kulisha mwani, ule unaokijanisha maji na kuwanyima samaki hewa, ilibadilika kidogo tu. Akashuka na mto, akipima kila kona. Kona ya mwisho, chini ya mtaa wao, karatasi ikakolea. Mtaro haukuwepo, wala bomba. Bahari ilikuwa imekupwa. Akavua viatu, akasikia maji baridi yakichomoza mchangani katikati ya vidole. Akayapima. Waridi iliyoiva.

Akainua macho. Ukingoni zilijipanga nyumba zao, kila moja na shimo lake la choo, likiwemo lile alilochimba marehemu baba yao. Mtaa mzima umeahidiwa bomba la majitaka kila uchaguzi, na kila uchaguzi umepiga makofi.

Alimkuta kaka kizimbani, maji kiunoni, ndoo ya vifaranga vya samaki ikimsubiri ukingoni.

"Ni vyoo vyetu, kaka. Vyote. Vinavuja chini kwa chini."

"Kwa hiyo tuandamane mpaka chooni?"

"Usiwatie hao, watakufa. Hata tukiviziba leo, ardhi itaendelea kuvuja miaka."

"Nitajie mtu mmoja, mdogo wangu. Mmoja tu, nimfuate. Ukimtaja, naacha kuwatia."

Akawapitia kichwani: fundi cherehani, mwalimu mstaafu, mjane mwenye wapangaji, mama yao mzazi. Akairudisha chupa ya sampuli kikapuni.

"Basi nipe hiyo ndoo," kaka alisema.

Akampa. Vifaranga wakamwagika, wakatawanyika kwa furaha katika maji ya kijani, naye akaingia majini kumshikia kaka wavu afunge kamba.